Ombi la Kuthibitishiwa kwamba Kitabu Chenu cha Nane ni Rahisi Mno

Heggedal,
Jumanne baada ya Pasaka

Kwa Mheshimiwa Mhariri wa vitabu vya Inspekta Torunn Skarpnes,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima na umeshapumzika kwa sikukuu. Mimi sijapumzika. Jina langu ni Eilif Brattland, dereva wa greda la kuondoa theluji katika wilaya yetu, na tangu nioe nimekuwa msikilizaji wa vitabu vyenu. Nasema msikilizaji kwa sababu ukweni kwangu hakuna anayesoma peke yake. Kila Pasaka tunapanda kwenye nyumba ya mlimani ya mama mkwe wangu, Bibi Borghild. Tunakaa nje tumeegemea ukuta wenye jua, tunamenya machungwa, naye anatusomea kwa sauti kitabu kipya cha Inspekta Skarpnes. Sura ya mwisho ameibana kwa vibanio vya nguo. Ijumaa Kuu kila mtu huandika anayemshuku na kukitumbukiza kikaratasi chake kwenye kopo la kahawa. Jumamosi vibanio huondolewa, na aliyepatia hachoti maji wala hapasui kuni mpaka Pasaka nyingine.

Anayepatia siku zote ni mama mkwe. Mimi sikuwahi kupatia hata mara moja. Mwaka huu nimepatia, na hicho ndicho chanzo cha malalamiko yangu, ambayo nayapanga kwa utaratibu ufuatao.

1. Kwamba kikaratasi changu kiliposomwa "daktari wa mifugo", na sura ya mwisho nayo ikasema daktari wa mifugo, hakuna aliyenipongeza. Shemeji yangu Sjur aliacha kutafuna. "Wewe Eilif? Wewe uliyetuambia mwaka juzi kwamba muuaji ni marehemu mwenyewe?" Mama mkwe akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Mkwe wangu," akasema, "jana wote tulikwenda kuteleza kwenye theluji. Wewe ulibaki ndani, peke yako na kitabu." Nikaeleza kwamba nilibaki kwa sababu ya lengelenge kisiginoni, na lengelenge lenyewe nikalionyesha. "Lengelenge haliwazuii watu kusoma," akajibu. Mhariri, wewe ni mtu wa nchi hii, unajua: mtu anaweza kusamehewa kuvunja dirisha la nyumba ya mlimani, lakini si kuchungulia sura ya mwisho Pasaka. Nimehukumiwa kutokanyaga mlimani Pasaka ijayo. Nitabaki bondeni na paka.

2. Kwamba nilipomwuliza mke wangu Ragna kama atabaki nami, alifikiri, lakini si kwa muda wa kuridhisha. "Eilif, mume wangu, nakupenda sana," akasema, "ila mlima ni mlima." Naomba uzingatie kwamba paa la nyumba hiyo nililiezeka mimi, na kwamba ukuta ule wenye jua ndio mahali pekee duniani ambapo dereva wa greda huifurahia theluji.

3. Kwamba Inspekta wenu anaeneza mbinu hatari kwa raia. Katika kila kitabu yeye hamtishi mtuhumiwa wala hampigi. Anakaa mbele yake, ananyamaza, na mtuhumiwa anaujaza ukimya kwa maneno mpaka ajifunge mwenyewe. Kwa polisi ni sawa. Kwa mama mkwe si sawa. Jumamosi hiyo Bibi Borghild aliketi mbele yangu akanyamaza kuanzia kahawa mpaka viazi vilipoiva. Katika muda huo nilikiri kupasua chupa ya chai, kuficha soksi za kufumwa alizonizawadia Krismasi, na kusema kwenye sherehe fulani kwamba keki yake ni kavu. Hakuna hata moja kati ya hayo nililokuwa nimeulizwa. Kuhusu sura ya mwisho sikukiri kitu, kwa kuwa sina hatia, lakini Sjur alipiga makofi mezani akisema, "Endelea, mama, bado ana siri!"

4. Kwamba kosa la haya yote ni la kitabu chenyewe, kwa kuwa kilikuwa rahisi mno, na mtu yeyote mwenye masikio angemjua muuaji. Natoa ushahidi. Daktari wa mifugo, yule bwana mwenye masharubu, alikuwa na glavu zilizolowa ilhali theluji ilikuwa haijaanza kuyeyuka. Mbwa wa marehemu, aliyembwekea kila mtu hadi mchungaji wa kanisa, alimlamba mkono. Na kwenye mazishi ya marehemu yeye peke yake ndiye hakugusa keki. Katika wilaya yetu mtu asiyegusa keki ya msibani tunamwangalia kwa jicho la pembeni hata kama hakuna aliyeuawa. Mwandishi wenu aliniwekea jibu mdomoni kama mama anavyomlisha mtoto uji, halafu mimi ndiye nashitakiwa kwa kumeza.

5. Kwamba sikutaka kutegemea maoni yangu peke yangu. Kwa hiyo, nikiwa kwenye zamu yangu ya greda, nilisimama hapa na pale kukusanya maoni ya wasomaji. Aslaug wa dukani anasema Inspekta Skarpnes ndiye mwanamke pekee vitabuni anayekula akiwa na njaa na kulala akiwa amechoka, na kwamba mkimwoza kwa yule mwanasheria anayemnyemelea ataacha kununua. Mchungaji wetu anasema Inspekta ana ulimi mchafu mbele ya mkuu wake wa kazi, na anamwombea asibadilike. Kuhusu ugumu wa kitabu, wote wawili walisema walibabaika mpaka ukurasa wa mwisho na hawakumshuku kabisa daktari. Nachukulia kwamba huo ni unyenyekevu.

6. Kwamba sasa hata hadhi yangu kazini imeguswa. Nilipomsafishia njia mzee mmoja leo asubuhi, alishusha kioo cha gari akaniuliza, "Eilif, hali ya hewa kesho itakuwaje? Si wewe husoma mwisho kwanza?"

Kwa sababu hizo, Mheshimiwa Mhariri, naomba yafuatayo, na ukishindwa la kwanza nitaridhika na linalofuata.

Naomba kwanza mnipe hati yenye muhuri wa kampuni, ikithibitisha kwamba kitabu chenu cha nane ni rahisi kiasi kwamba mtu mzima mwenye akili ya kawaida anaweza kupatia bila kuchungulia. Mnaweza kuongeza "au hata pungufu ya kawaida." Sitakasirika.

Ikiwa hati hiyo itaharibu biashara, basi naomba mbadilishe muuaji. Katika chapa ya pili, muuaji awe mpiga kinanda wa kanisa. Hapo nitakuwa nimekosea kama kawaida yangu, na mtu aliyekosea hawezi kuwa amechungulia. Najua nakala zimeshauzwa nchi nzima, lakini mnaweza kuzikusanya. Njia za huku nitazifungua mwenyewe.

Na ikiwa hilo pia halitawezekana, naomba Inspekta Skarpnes aje mwenyewe. Natambua kwamba ni mtu wa kubuniwa. Mama mkwe halioni hilo kuwa kizuizi. Maneno ya Inspekta huyanukuu zaidi kuliko ya askofu. Kwa hiyo katika kitabu cha tisa Inspekta afike kwenye nyumba moja ya mlimani, amkute mkwe asiye na hatia anaonewa, amsafishe jina kufikia sura ya pili, kisha aendelee na shughuli zake. Najua lazima mtu auawe. Napendekeza shemeji.

Nimalize kwa kukusalimia wewe na nyumba yako, mwandishi na familia yake, wachapaji, wanaogundisha majalada, na yule anayeandika maneno ya nyuma ya kitabu ambayo hayalingani na yaliyomo. Wote nawatakia majira mema ya kuchipua, wakiyaona.

Wako katika kuonewa,
Eilif Brattland

Baada ya sahihi: Nilimpa Ragna barua hii airekebishe nukta. Alipofika kwenye lalamiko la nne aliketi sakafuni na kucheka mpaka akashika mbavu. Ananiambia kwamba zile glavu zilizolowa ni za kitabu cha mwaka juzi. Mbwa ni wa kitabu cha tano. Keki ya msibani haimo kwenye kitabu chochote; hiyo ilikuwa kwenye mazishi ya mjomba wake. Katika kitabu cha mwaka huu hakuna mbwa wala mazishi, na daktari wa mifugo ni mwanamke. Sasa hivi ameondoka na nakala ya barua hii kwenda kwa mama yake, na simu imeshalia. "Mkwe wangu," amesema Bibi Borghild, "aliyesoma sura ya mwisho hawezi kuwa mjinga hivi. Huna hatia. Ila Pasaka utakaa karibu yangu, nikiona kichwa kimeinama kwa usingizi nikumwagie maji."

Kwa hiyo hati siihitaji tena, wala muuaji msimbadilishe. Kitabu chenu ni kigumu sana, hongereni. Nabakiwa na ombi moja dogo, na jibu lake naomba lije kwenye bahasha isiyo na nembo yenu: aliyeuawa ni nani?