Ombi la Kurudishiwa Ukimya Wangu

Kwa Mwalimu Mkuu, Bwana Kiptanui,
Kupitia kwa Madam Chepkosgei, Mwalimu wa Mahitaji Maalum (nikipata ujasiri wa kumpitia).

Mwalimu wangu ninayekuheshimu,

KUH: MASHINE YA MASIKIO NILIYOPEWA NA SHULE

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Maxine, ambaye tunakaa dawati moja na ananijua mpaka namba ya viatu. Tangu mwezi wa tano nimekuwa ndani ya chumba cha walimu. Sijawahi kukanyaga humo. Lakini najua nani hutia sukari vijiko vinne, najua nani hulala akisema anasahihisha, na najua ni nani husimama nje ya mlango wetu kabla ya kuingia na kuomba, "Ee Bwana, nipe nguvu, ni Kidato cha Tatu tena." Huyo simtaji, kwa sababu naona maombi yake hujibiwa.

Utauliza nimesikiaje, maana mimi ndiye Tecla Chepkurui, yule msichana asiyesikia. Nitaeleza polepole, vile nyinyi huniambia mambo polepole.

Mashine ina sehemu mbili. Moja iko nyuma ya masikio yangu. Nyingine ni maiki ndogo yenye kamba, ambayo mwalimu anayefundisha huvaa shingoni, na akimaliza kipindi humwachia mwenzake. Maiki ikiwaka, masikio yangu husikia maiki peke yake, na sauti zingine zote za karibu huzimika. Ikizimwa, kama saa ya chakula, mashine hunikuzia sauti za walio karibu. Ni mashine nzuri sana. Shida ni kwamba walimu wetu husahau. Kengele ikilia wanatoka nayo shingoni, wanaenda kunywa chai, na chumba chao na darasa letu vimetenganishwa na ukuta wa mbao tu. Anayeingia baada yao hana maiki na hakumbuki kuuliza iko wapi. Basi mdomo unaofundisha uko mbele yangu, na sauti ninayosikia iko upande wa pili wa ukuta.

Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo.

1. Walimu huzungumza mambo matamu kuliko silabasi. Chukua Mwalimu Masese wa Kemia. Kwao ni ng'ambo ya Sotik, upande wa Kisii, na anaposa msichana wa Chebunyo. Sikutafuta kuyajua haya, nililetewa. Kila Jumatatu na Jumatano yeye hutoka kwetu na maiki shingoni, na Mwalimu Opiyo huingia na Historia bila maiki. Kwa hivyo muhula mzima midomo ya Mwalimu Opiyo imenifundisha vita na mikataba, huku sauti ya Mwalimu Masese ikinipeleka Chebunyo kwa wakwe. Nilikuwapo walipokaribishwa. Nilikuwapo wazee walipotoa mursik kwenye kibuyu, yale maziwa machachu ambayo mgeni hupewa kama yalivyo ili aonekane ni mtu wa namna gani, na Mwalimu Masese, Mungu amsaidie, akaomba sukari. Wazee wakatazamana. Wakamwambia aende nyumbani akafikirie, na hata yeye hajui afikirie nini.

Mtihani ulipokuja tuliulizwa sababu tatu za kuvunjika kwa mkataba. Ya kwanza na ya pili niliziandika vizuri. Ya tatu niliandika kwamba mgeni aliomba sukari. Mwalimu Opiyo alitia alama ya kuuliza kwa wino mwekundu. Mimi bado naona ni sababu yenye nguvu.

Tena hadithi haimaliziki. Mwalimu Masese huitwa Kidato cha Kwanza, kule chini karibu na ua wa chai, anaondoka na maiki, na sauti inakatika kama redio iliyoishiwa betri. Siku tatu nzima sikulala vizuri nikitaka kujua kama mjomba wa msichana amekubali. Mwanafunzi wa namna hii atasoma saa ngapi?

2. Mashine imeniondolea cheo. Unajua mvua ya mawe ya hapa kwetu. Ikianza kupiga mabati, darasa lote huwa viziwi kwa dakika ishirini, na mwalimu husimama tu akitazama nje. Zamani hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu. Mimi husoma midomo. Nilikuwa nampa mwalimu ishara aendelee, yeye anaendelea, mimi naandika, na mvua ikiisha watu thelathini na nane wanakuja kunakili daftari langu wakiniita dada. Wakati wa mvua ya mawe hakuna mwenye mahitaji maalum hapa isipokuwa wao. Sasa mvua ikipiga, mashine huniletea kila jiwe moja moja mpaka ndani ya ubongo, na mimi pia nazibwa kama Gordon wa dawati la nyuma. Hii si haki.

3. Mashine imeharibu aibu yangu, ambayo niliijenga kwa miaka. Tangu darasa la nne, kila nilipoona watu wakicheka nilijua wananicheka mimi. Nilipanga maisha yangu yote juu ya jambo hilo: mahali pa kukaa, njia ya kupita kwenda chooni, saa ya kula. Siku ya pili ya mashine nilisikia kwa mara ya kwanza wanacheka nini. Walikuwa wanamcheka Gordon. Siku ya tatu, Gordon tena. Siku ya nne walikuwa wanacheka mbuzi aliyeingia maktaba. Jina langu halikutajwa hata mara moja, wiki nzima. Sasa nina aibu nyingi sana na sina pa kuipeleka.

4. Kuhusu vile shule inavyotusaidia sisi wenye mahitaji maalum, nashukuru, lakini nisaidieni kidogo kidogo. Mashine ilipoletwa na wafadhili tulipiga picha mara tatu nikishika boksi. Kisha boksi likawekwa kwenye kabati la ofisi yako, katikati ya vikombe vya riadha, kwa majuma saba, kwa sababu wafadhili walikuwa warudi na mpigapicha mzuri zaidi. Nilikuwa napita dirishani nikiyaona masikio yangu yakingoja picha. Halafu siku niliyopewa, ulitangaza kwenye gwaride kwamba kila mtu aongee na Tecla kwa sauti na polepole. Ulikuwa na nia njema. Lakini tangu siku hiyo naamkiwa kama ng'ombe aliyeingia shamba la chai la jirani. Gordon husimama hatua moja mbele yangu na kusema HA-BA-RI-YA-KO, huku anapunga mikono. Mashine tayari inaongeza sauti, Mwalimu. Gordon akiongezwa ni mtu mzito.

5. Sasa nafika kwa lile lililonifanya niandike. Nimelizungusha sana.

Jana Jumanne baada ya chai, maiki ilitoka tena na Mwalimu Opiyo. Mbele yangu alikuwa mwalimu wa Biolojia akichora figo. Upande wa pili wa ukuta uliingia wewe.

"Huyu msichana wa Kidato cha Tatu, mashine haimsaidii," ulisema. "Alama zimeanguka tangu aipate. Ijumaa bodi ikikaa, tumwandikie ahamie shule maalum."

Madam Chepkosgei akauliza, "Umemuuliza yeye?"

Ukasema, "Nitamuuliza aje, Madam, na hasikii?"

Nilikusikia vizuri sana, Mwalimu. Nilisikia mpaka kijiko kikigonga kikombe. Nilisikia pia vile chumba kizima kilinyamaza baada ya hapo. Watu wakinyamaza si sawa na mtu kutosikia. Tofauti hiyo nimeijua jana.

Hiyo shule maalum sina neno baya nayo. Wanaosoma huko huongea kwa mikono vizuri kuliko sisi tunavyoongea kwa midomo. Lakini mimi lugha hiyo siijui, Maxine hayuko huko, na mtihani wa mwisho umebaki mwaka mmoja tu. Kwetu ni kilima hiki hiki. Nikisimama dirishani namwona mama akichuma chai kwenye mteremko, na nikikunja ngumi juu anajua nimefaulu, nikifungua mkono anajua nimefeli. Huko mbali nitamwonyesha nani?

Kwa hivyo naomba, tena kwa unyenyekevu:

Kwanza, mashine iondolewe irudi kwenye kabati, kando ya vikombe. Bila mashine nilikuwa na B. Nikiwa na mashine nina D. Mashine ikitoka, B itarudi, na mwenye B hahamishwi. Hesabu hiyo nimeirudia mara tatu.

Ikishindikana, chumba cha walimu kihamishwe mpaka nyuma ya zizi la ng'ombe wa shule, ambako maiki haifiki.

Hilo nalo likishindikana, basi walimu wazungumze mambo yasiyopendeza. Mwalimu Masese aachane na Chebunyo au aoe haraka, moja kati ya hayo.

Na kama yote yameshindikana, naomba chumba cha walimu kifanywe somo na kitahiniwe mwisho wa muhula. Niko tayari wakati wowote. Nitapata A.

Nisalimie sana mke wako, ambaye naona hukupigia simu kila saa nne na kumi. Msalimie mpishi, msalimie mlinzi, na walimu wote, hata wale wasiojua kwamba tunajuana. Msalimie Mwalimu Masese, umwambie mursik hunywewa hivyo hivyo. Na ule ukoo wa Chebunyo, ambao sijaonana nao, lakini naona kama tushakuwa ndugu.

Ni mimi, wa upande wa pili wa ukuta,

Tecla Chepkurui,
Kidato cha Tatu Mashariki.

Nyongeza: Wenzangu wako nje wanakula githeri na maiki imezimwa, kwa hivyo nimeisoma barua hii yote kwa sauti. Sikuwa nimewahi kujisikia nikisoma. Na nimesikia mahali ninapodanganya.

Nyuma ya sikio langu la kulia kuna kitufe kidogo. Nikikibonyeza, maiki inanyamaza na namsikia aliye mbele yangu. Madam Chepkosgei alinionyesha siku ya kwanza, na akanifanya nirudie mara mbili. Nimekuwa nacho kila siku, na kidole ninacho. Sikukibonyeza. Kwa hivyo tafadhali futa lalamiko la kwanza. Mwalimu Opiyo hana kosa, mashine haina kosa, hata sukari haina kosa. Hizo alama niliziangusha mwenyewe nikiwa Chebunyo.

Futa na yale maombi. Mashine usiiondoe. Nilikuwa tayari kurudi kwenye ukimya ili nibaki hapa, lakini ndani ya ukimya ule ndimo mambo yangu yalikuwa yakipangwa bila mimi.

Ijumaa bodi ikikaa, naomba ile maiki uivae wewe mwenyewe, taa ya kijani ikiwaka. Nitakaa hapa hapa, na safari hii nitakuwa nasikiliza kwa ruhusa. Au kama kuna kiti kimoja hakina mtu, nitakuja nikae, na uniulize lile ulilosema huwezi kuniuliza. Nitajibu.

Nasikia mtu kwenye veranda. Zamani sikujua nani anakuja wala lini, ndiyo maana kila nilichoandika nilikifunika kwa mkono kuanzia neno la kwanza. Leo nimesikia viatu tangu kule kwa tangi la maji. Vinatembea pamoja na funguo nyingi, na mwenye funguo nyingi hapa shuleni ni wewe tu, Mwalimu. Muda wa kuficha upo, tena wa kutosha, daftari la Kemia liko hapa karibu.

Nimetoa mkono juu ya karatasi. Nimeigeuza, maandishi yatazame mlango.