Atakayeona Mianga Kwanza

Ijumaa, 7 Februari 2025. Tromso, Norwe

Tumefika salama. Baridi ya huku haina mfano. Nje ya uwanja wa ndege nilitema mate, nikasubiri nione kama yataganda kabla ya kugusa chini. Hayakuganda. Agnetha akaniuliza kama nimetoka nyumbani Kambarage mpaka huku kuja kutema mate. Miaka thelathini na minane ya ndoa, na bado haelewi utafiti.

Binti yetu Loveness ana mimba ya miezi sita. Amenawiri. Mumewe, Sindre, ndiye dereva. Huyu ni yule kijana aliyekuja Geita kupima miamba, enzi hizo mimi nanunua mawe ya dhahabu kwa wachimbaji. Kiswahili alijifunzia machimboni, matusi na yote, na anadhani ndiyo lugha ya heshima. Gari ni la baba yake, Mzee Oddvar, nahodha mstaafu wa kivuko. Kwa nje ni basi dogo. Ndani ni nyumba: jiko, meza, vitanda, choo. Tutakaa humo siku saba tukiitafuta ile mianga ya kijani inayocheza angani.

Watu watano, choo kimoja! Na kwetu Usukumani mama mkwe na mkwe hawashikani hata mkono. Agnetha katundika kanga katikati ya gari. Sindre akitaka chumvi ananiomba mimi, mimi namwomba Agnetha, Agnetha ananipa, nampa Sindre. Kila mmoja yuko hatua moja kutoka kwa mwenzake.

Mzee Oddvar ana daftari la maneno ya Kiswahili. Kaniamkia, "Shikamoo!" Nikaitikia "Marahaba" kwa sauti nzito. Baadaye Loveness akaninong'oneza kuwa mzee ana miaka sabini na miwili. Mimi sitini na sita. Nimeamua sikusikia.

Agnetha naye! Kumbe jina lake huku ni la kwao. Mzee Oddvar alipolisikia alimshika mikono yote miwili kama dada aliyepotea utotoni. Sasa yeye ndiye anayewekewa mto mgongoni. La kwangu, Kalisti, wanasema ni gumu.

Jambo kubwa la leo. Mezani nilitamka kwamba mjukuu, ambaye kipimo kimeonyesha ni msichana, ataitwa Mageni, jina la marehemu mama yangu. Mzee Oddvar akaweka kijiko chini. Akasema yeye alitarajia Ragnhild. Nikamwomba arudie. Akarudia. Haikusaidia. Tukabishana kwa adabu, Sindre akitafsiri huku jasho linamtoka, mpaka tukaafikiana: atakayeona mianga kwanza ndiye atakayetoa jina. Tukapeana mikono. Loveness akauliza kama kuna mtu amemuuliza mwenye tumbo. Tukaendelea kula.

Jumamosi, 8 Februari

Mawingu. Mbinu ya kwanza: ugali.

Agnetha kabeba unga wa mahindi kilo tano na dagaa. Nikawaza, mtu asiyeuzoea ugali akishiba mchana, jioni hafumbui jicho. Nikasonga mwenyewe. Agnetha alisimama kunitazama. Mara ya mwisho kusonga ilikuwa wiki aliyozaliwa Loveness. Mzee Oddvar akala. Akaomba tena. Akaomba tena! Mimi namsindikiza, tonge kwa tonge, nisionekane sina ukarimu. Saa kumi na moja giza limeshaingia, mzee yuko dirishani, macho makavu kama ya bundi, anapiga mluzi. Mimi nimelalia meza, shavu kwenye bakuli la dagaa.

Nikazinduka. Kijani! Kijani juu ya kilima, kinametameta!

Nikatoka na soksi. Nikapiga yowe. Hapo hapo nikamrekodia mdogo wangu Sostenes, kule kijijini kwetu Didia, ujumbe wa sauti kwamba mimi, Kalisti, nimeiona mianga kabla ya mtu yeyote. Nikautuma. Ndipo Sindre akasogeza gari mbele kidogo, kona ikaisha.

"Baba," akasema, "kile ni kituo cha mafuta."

Bango lake lilikuwa linamulika mawingu. Mzee Oddvar aliteremka, akaninunulia kahawa, akaniletea kikombe kwa mikono miwili. Kitendo cha dharau. Kahawa ilikuwa nzuri.

Jumapili, 9 Februari

Balaa. Sostenes kapiga simu. Ule ujumbe wangu ulisikilizishwa kanisani Didia, kwenye kipaza sauti, baada ya matangazo. Kwaya ikaongeza wimbo. Katekista akaongoza sala ya shukrani. Sasa waumini wanaomba picha. Nikamjibu kuwa simu imeganda.

Kwa hiyo si jina tu tena. Nimeidanganya parokia nzima. Agnetha akasema nipige simu nitubu. Nikamwambia nitatubu pindi tu jambo lenyewe litakapokuwa kweli.

Mbinu ya pili: miwani. Bila miwani Mzee Oddvar hatofautishi mlima na ng'ombe. Nikaichukua akiwa anaoga, nikaizika kwenye mfuko wa unga. Akatafuta, akakosa, akaniomba yangu kwa upole. Ningesema nini mbele ya mke wangu? Ikamkaa sawasawa! Nimeshinda naiona theluji kama pamba iliyomwagika, haina mwanzo wala mwisho. Yeye kutwa ananisimulia mandhari.

Jioni Agnetha akaingiza kikombe kwenye unga, kikatoka na miwani. Aliiosha, akaipangusa, akampa mzee. Kisha akaniangalia. Sitaki kuandika alivyoniangalia.

Jumatatu, 10 Februari

Siku njema! Tumekutana na mfugaji. Mama mtu mzima, kofia ya rangi nne, mifugo yake kulungu wenye pembe kama matawi. Nikasema afadhali, mtu wa maana. Nikamwambia Sindre amuulize ana mifugo mingapi. Sindre akakataa. Akasema huku swali hilo ni utovu wa adabu.

Nikafurahi kuliko nilivyofurahi tangu nifike. Hata Didia hakuna anayehesabu ng'ombe wa mtu mbele yake! Nikaacha kuuliza, nikalisifia dume lake kubwa kwa mikono na midomo, jinsi baba yangu alivyokuwa akifanya mnadani Tinde. Mama akacheka hadi akajishika magoti.

Sindre aliporudi garini nikanyoosha kidole juu, nikatikisa kichwa kwa huzuni. Mama akaelewa. Akachora kwenye theluji kwa fimbo: barabara ndogo, ziwa, halafu akafuta mbingu yote kwa kiganja. Mawingu hayakai huko! Wafugaji hawahitaji mkalimani.

Nilipoondoka niliifuta ramani kwa kiatu. Mzee Oddvar alikuwa ndani anachemsha kahawa. Maskini.

Jumanne, 11 Februari

Nimeandika mara tatu nikachana. Naanza tena.

Saa tisa alasiri tukaikaribia ile barabara ndogo. Nikamwambia Sindre akate kushoto, mama mkwe wake anajisikia vibaya na anahitaji kuona maji. Sindre kwa heshima akauliza kupitia kanga. Agnetha akajibu kupitia kanga kwamba yeye ni mzima, labda aulizwe Baba Loveness anaumwa nini. Nikasema basi nina hamu ya samaki. Mzee Oddvar akaruka kwa furaha. Ana ndoano chini ya kitanda. Tukakata kushoto.

Kilomita mbili. Gurudumu la nyuma likazama.

Nikashuka na koleo. Hapa sasa ni kazi yangu! Nimeshashuka mashimo ya wachimbaji ambayo hata mwenye shimo alikuwa anaogopa. Nikamwambia Mzee Oddvar tuanze upande wa kulia. Akasema kushoto. Tukachimba kila mtu upande wake, theluji yangu inaangukia kwake, yake inaangukia kwangu. Taa za nyuma za gari zinatuwakia usoni. Giza likaingia hatuna habari.

Mara mzee akasimama, akaegemea koleo. Kwa Kiswahili chake cha daftari akasema, "Ragnhild, mke wangu. Sasa miaka miwili, hayupo."

Nikaacha kuchimba.

Akapigapiga ubavu wa gari. "Yeye alinunua hii. Mimi nasema, kubwa sana, sisi wawili tu. Yeye anasema, ngoja. Siku moja watu wengi ndani."

Nilimwangalia yule mtu, kofia imemwangukia jichoni, nikaona haya mpaka kwenye mifupa. Nikamwambia polepole, kwa maneno mepesi, kwamba kwetu jina la Mageni hupewa mtoto aliyezaliwa nyumba ina wageni. Akaitikia kwa kichwa. "Nzuri," akasema. "Sawasawa na maneno ya Ragnhild." Kisha nikajikuta nimeinama, nimesema, "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba kama aliyezaliwa Tinde.

Tukarudi kuchimba. Dakika mbili hivi. Halafu akarudia kwamba upande wa kushoto ndio sahihi, nami sikuweza kuliacha lipite.

Tulikuwa katikati ya ubishi nikasikia sauti ya Agnetha nyuma yetu, taratibu kabisa.

"Baba Loveness."

"Nini?"

"Mkimaliza kuchimba, geukeni."

Tukageuka.

Kijani cha mpunga mchanga. Mbingu nzima! Ukanda unapepea, unakunjika, unaachia, ukingoni una wekundu kidogo, na chini ziwa limeganda nalo limekuwa kijani. Kimya. Nilitegemea jambo kubwa hivyo litakuwa na mlio. Sindre alishindwa kujizuia, akapiga kelele ya machimboni, "Limetema!", kama shimo limetoa dhahabu. Alikuwa amesimama bega kwa bega na mama mkwe wake, wote wameshika vikombe vya chai, na hakuna aliyekuwa anaona haya. Loveness yuko katikati yao, kashika tumbo kwa mikono miwili.

Mzee Oddvar akatazama juu, akalitaja jina la mkewe, mara moja tu. Nikavua kofia. Nikaivaa upesi; masikio.

Nikamuuliza Agnetha wameanza kuona tangu lini. Robo saa, akasema; yeye ndiye aliyewaita wengine. Kwa nini hawakutuita? Akasema tulikuwa tunapendeza.

Kwa hiyo mshindi ni yeye. Mimi na Mzee Oddvar tukamsogelea pamoja, kama watoto wanaosubiri mgao wa nyama, tukamuuliza jina. Akasema mtoto hapewi jina akiwa tumboni. Atatuambia siku atakayomwona uso. Loveness alicheka hadi Sindre akamshikilia.

Jumatano, 12 Februari

Nimetuma picha kumi na nne Didia. Sostenes akajibu asante, ila kanisani walishashukuru Jumapili, hawawezi kushukuru kitu kimoja mara mbili.

Trekta limetuvuta asubuhi. Dereva wake akasema tungechimba mbele. Mimi na Mzee Oddvar tulimwona hajui kazi.

Tumeshinda tunavua samaki kwenye tundu la barafu. Hakuna samaki. Mzee kanifundisha kusema "kesho" kwa lugha yao. Mimi nimemfundisha "wangaluka", salamu yetu ya asubuhi, na amekuwa akiitoa mchana kutwa.

Alhamisi, 13 Februari

Kesho tunapanda ndege. Agnetha kakunja kanga yake akamwachia Sindre, kwa kuipitisha kwangu. Mzee Oddvar alishindwa kuaga, akajifanya anakagua matairi. Nami nikamfuata kukagua matairi. Tuliyakagua sana.

Nimejifunza mengi katika safari hii. Jina la mtoto si la kushindaniwa. Mtu hapewi heshima kwa hila. Familia ni watu, si ushindi. Nimemweleza Agnetha yote haya, akasema Mungu asifiwe, akalala.

Ndipo nikatoka tena nje, nikamwalika Mzee Oddvar aje Didia mwezi wa kumi. Amekubali. Tumepeana mikono pale pale kwenye matairi: atakayeona mvua ya kwanza ya msimu ndiye atakayempa jina mtoto wa pili. Hajui kuwa mvua ya Didia mimi naisikia gotini siku mbili kabla. Safari hii sishindwi.

Kilichobaki ni kumwambia Loveness kwamba kuna mtoto wa pili.