Jino Linaloogopa Ugomvi

Jumatatu, 4 Machi

Jino la nyuma, chini kushoto. Siku ya tatu sasa. Mke wangu anasema niende kwa daktari wa meno. Siendi. Yule mtu ana koleo!

Halafu wiki yenyewe ndiyo hii. Bosi wa kiwanda chetu cha uchapaji ametangaza kwamba Ijumaa atachagua msimamizi wa chumba cha mashine: mimi au Kimya. Mimi nina miaka kumi na miwili kwenye mashine ya kukatia karatasi. Kimya ana minne, na tunamwita hivyo kwa sababu haongei. Mwenye shavu lililofungwa kitambaa hachaguliwi. Kwa hiyo, siri.

Saa nne Kimya akahamisha karatasi zangu bila kuniuliza. Nilimfokea mpaka mashine zikazimwa. Na hapo, maajabu: jino likatulia. Nusu saa nzima sikusikia kitu!

Jumanne, 5 Machi

Nimemuuliza shemeji, dada yake mke wangu, ambaye ni muuguzi. Nilisingizia kwamba ni rafiki yangu. Akacheka, akanieleza hata hivyo. Eti mtu akishtuka au akikasirika, ubongo hutoa amri moja, na vitu viwili hutoka pamoja: homoni za msongo, zinazokimbiza moyo, na endofini, dawa ya maumivu ambayo mwili hujitengenezea wenyewe, jamaa wa afyuni. Kumbe nina duka la dawa kichwani! Akaanza kusema "lakini". Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Jumatano, 6 Machi

Nimepanga ratiba. Saa tatu, Kimya. Saa sita, mlinzi wa getini. Saa tisa, fundi umeme.

Saa tatu: Kimya kaniomba radhi. Sijamwambia hata kosa lake! Saa sita: mlinzi kakubali kila tusi, kisha kaniuliza nyumbani hawajambo. Jino likapamba moto. Ikabidi niongeze dozi. Nikaenda kwa Bosi na kumshtaki Kimya kwamba kaniibia rula ya chuma. Bosi akaiona rula kwenye mfuko wa aproni yangu. Aibu ile ilinipa dakika ishirini za raha.

Fundi umeme hakuja kazini. Nikamalizia dozi nyumbani.

Alhamisi, 7 Machi

Shavu limevimba. Niliamka alfajiri moyo unanienda mbio, na sikuwa nimegombana na mtu. Ugomvi wa leo umenipa dakika tano tu. Nagombana zaidi, napata kidogo zaidi. Nikiwa nakata kadi za harusi nikasoma "mnakaribishwa nyote", machozi yakanitoka. Kimya akaniletea kiti. Anatafuta nini?

Jioni shemeji akaja na kuliona shavu. Safari hii alisimama mlangoni, nikasikiliza "lakini" yote. Dawa ile ni ya kukutoa kwenye hatari, si ya kuishi nayo. Ukijitisha kila siku, homoni za msongo zinabaki mwilini, usingizi unaharibika, moyo unakuwa mzito, na kitu kidogo tu kinakuliza. Na usaha hausubiri, akasema. Uvimbe ukishuka shingoni nitashindwa kupumua.

Niliogopa sana. Jino likatulia kidogo.

Ijumaa, 8 Machi

Siku yenyewe. Kalenda mia tatu za mteja mkubwa zilikuwa zinanisubiri. Jino lilikuwa linapiga ngoma, Bosi amesimama nyuma yangu. Nikashusha kisu.

Bosi akaokota kalenda moja, akaitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimekata safu ya mwisho yote. "Umetufutia Jumapili za mwaka mzima," akasema, wala hakupandisha sauti. Kisha: "Mimi namtaka mtu ambaye akiingia, wenzake wanaendelea na kazi."

Kamchagua Kimya. Na Kimya, neno lake la kwanza kama msimamizi, kaomba nisiondolewe kwenye mashine yangu. Sijawahi kujisikia mdogo vile.

Jumamosi, 9 Machi

Mke wangu kanishika mkono mpaka kwa daktari wa meno. Tukakaa kwenye benchi. Nikasikia vyuma vinagongana kwenye trei, na harufu ile ya dawa. Jasho likanitoka mgongoni. Na jino? Kimya! Halikunitulia hivi wiki nzima! Nikasema naenda msalani, nikatokea mlango wa nyuma.

Alinikuta nyumbani. Hakufoka. Alisema, "Baba watoto, wanao wameniuliza ukirudi kutoka kazini wajifiche wapi."

Hilo limeniuma, na hakuna duka la dawa lililofunguka.

Jumapili, 10 Machi

Kwenye kalenda zangu siku hii haipo. Nimeitumia kufikiri.

Nimeacha ugomvi. Kweli kabisa! Asubuhi nimewaomba watoto radhi, japo mdomo haufunguki vizuri na mdogo hakunielewa. Nimemwambia mke wangu kwamba kesho naenda kwa daktari wa meno. Na keshokutwa, na kila asubuhi kabla ya kazi. Amefurahi mpaka machozi yakamlengalenga, akaninyooshea shati.

Sijamwambia kwamba nitakuwa naishia kwenye benchi.