Gia za Kitaliano za Mjomba

Jumatatu, 3 Juni
Mvua. Mwalimu wa michezo ametangaza kwamba timu ya mbio za baiskeli imebakiza nafasi moja, na itagombewa Jumamosi kwenye mlima wa nyuma ya shule. Tunaoitaka ni wawili: mimi na binti wa mama mdogo, ambaye shule nzima humwita Upepo. Mimi sina jina la utani. Nina baiskeli ya marehemu baba, na gia zake husaga kama kinu.

Kwa mjomba, ukutani sebuleni, imetundikwa baiskeli ya mbio yenye gia za Kitaliano. Tangu apasuliwe goti haipandi. Huifuta vumbi tu, kimyakimya. Nimwombe hizo gia waziwazi? Aibu iliyoje! Nina mpango.

Jumanne, 4 Juni
Mpango ni huu: nimshawishi kwamba gia zake hazina maana, azichoke, azitupe, niziokote.

Nimesoma maktaba mpaka nikafukuzwa. Za Kijapani hubadilika bila kelele, na vipuri vyake havisumbui kupatikana. Za Kitaliano ni nzuri kama vito, na bei yake ni ya vito. Za Kimarekani hazina waya hata mmoja, ila lazima uzichaji kama simu. Kilichonisumbua ni hiki: ukitoka seti ya pili kwa ubora kwenda ile ya juu kabisa, bei inaruka karibu maradufu, na uzito unaopungua ni wa embe moja. Embe!

Nimekataa embe langu la jioni, kwa tahadhari. Mdogo wangu amelila mbele yangu akilamba vidole.

Jumatano, 5 Juni
Nimekwenda kwa mjomba. Nikamwamkia vizuri, nikaketi, nikashusha pumzi nikitazama ukutani. Akauliza nina nini. Nikamwambia watu wote wamehamia kwenye gia za Kijapani, na kwamba zake sasa ni pambo tu.

Akapapasa goti. Akasema ni kweli, siku hizi hata yeye mwenyewe ni pambo.

Hilo sikulitegemea. Chai yangu ilipoa mkononi. Hata hivyo, mpango unakwenda vizuri.

Ijumaa, 7 Juni
Balaa! Mjomba amezifungua gia zote, akazitia kwenye boksi, na boksi amempa Upepo!

Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, ilikuwaje. Akasema Upepo alipita jana akasema, "Mjomba, naomba hizo gia," naye akampa. Kisha mjomba akashangaa, akauliza kama nami nilizitaka. Si nilizisema vibaya kwa kinywa changu? "Ungeniomba tu, mama," akasema. Nikajibu kwamba nilikuwa nauliza tu.

Nilipomsimulia mama, alicheka mpaka akashika mlango. Akasema mimi ni baba mtupu, mtu wa kuzunguka mtaa mzima ili asiombe chumvi kwa jirani. Kisha akaacha kucheka, akaenda kuanua nguo.

Jumamosi, 8 Juni
Fundi hajazifunga gia za Upepo. Eti zinataka kifaa ambacho hana, na eti gia zote duniani ni sawa, isipokuwa zile anazouza yeye. Basi Upepo akaja na baiskeli yake ya kwendea sokoni, yenye kikapu mbele. Nikajaa matumaini. Nilikuwa sijagusa embe tangu Jumanne!

Alinipita kwenye kona ya kwanza. "Kaza, dada, kaza!" alipiga kelele. Kikapuni mlikuwa na mkoba wangu, aliojitolea kunibebea.

Kisha mnyororo wangu ukachomoka. Nilimaliza nikisukuma. Mwalimu aliandika jina lake, akanipa pole na chupa ya maji.

Jumapili, 9 Juni
Mvua tena. Nimetafakari kwa utulivu, kama tulivyofundishwa. Gia zilikuwa bado kwenye boksi, na Upepo akashinda! Hebu fikiria zikishafungwa. Zinastahili bei yake yote.

Nimekwenda kwa mjomba. Baiskeli imerudi ukutani bila gia, na bado anaifuta vumbi. Akaniambia nikitaka chochote katika kilichobaki, niseme tu, asingependa nihangaike tena. Nikamshukuru, nikasema sina shida yoyote.

Kisha nikayaona magurudumu. Mepesi, membamba, yanang'aa. Nikashusha pumzi, nikamwambia nasikia magurudumu ya aina ile siku hizi yanachekwa.