Jiwe la Guruswami Chellappan

Mara kumi na saba Chellappan alikwenda kupanda mlima wa Sabarimala, kuhiji kwa mungu aitwaye Swami, na mara zote kumi na saba hakuuona mlima hata kwa mbali!

Kila mwaka alivaa shuka nyeusi, akajinyima nyama na samaki, akala majani tu siku arobaini na moja, akajitwika kichwani furushi la sadaka na kuaga kwa machozi. Basi likifika mji wa Kottayam, bado mbali na mlima, huyoo, ameteremka! Siku nne alijichimbia kwa rafiki yake, akila mihogo na mchuzi wa kambale. Ya tano alikwenda stendi, akanunua kwa waliokuwa wakirudi vikopo viwili vya wali wa sukari guru wa hekaluni, kisha akarejea nyumbani akichechemea. Kwa kuchechemea hakuwa na mpinzani.

Sasa balaa. Anayekwenda mara ya kumi na nane hubeba mche wa mnazi, akaupanda hekaluni, na tangu siku hiyo ni Guruswami, kiongozi wa msafara mpaka kufa. Karamuni hukaa mbele! Chellappan aliutamani ukubwa huo mpaka akauota. Lakini kijiji kikaamua kumfuata, kwa miguu, njia ya msituni, siku tatu nzima. Na mama mkwe wake, Kalyani Amma, ambaye umri sasa ulimruhusu, maana wanawake wa umri wa kuzaa hawapandi, akasema naye yumo.

"Mama, miguu yako hiyo..."

"Miguu yangu haijawahi kusingiziwa safari, mwanangu. Twende."

Huko Erumeli, inakoanzia njia ya msituni, walijipaka rangi, wakacheza ngoma na majani mikononi. Wageni wa safari, wa mara ya kwanza, wakaitwa wachukue mishale ya mti ya kwenda kuchomeka huko juu.

"Mimi na mshale?" Chellappan akacheka. "Wangu umeshaota mizizi huko juu!"

Siku ya pili wakafika mto Azhutha. Kila mtu akazama, akaibuka na kijiwe mkononi. Chellappan akaibuka na maji puani.

"Guruswami, jiwe lako liko wapi?" akauliza Damodaran kinyozi, aliyekwishapanda mara tisa.

Jiwe? Jiwe gani tena? Lakini mdomo wake haukuwahi kukosa kazi. "Nilikuwa nachagua! Wa mara ya kumi na nane hachukui punje kama nyinyi." Akazama tena, akatoka amekumbatia jiwe la ukubwa wa fenesi. Kinyozi akafungua kinywa aseme. Kalyani Amma akamkanyaga kidole.

Salaale! Furushi kichwani, mche begani, fenesi la jiwe tumboni, na kilima kimesimama wima kama ukuta. Wenzake wakamwacha nyuma. Alipowafikia kileleni akihema, wote walikuwa wamekaa mikono mitupu kando ya rundo kubwa la mawe.

"Wavivu!" akafoka. "Mmetupa mawe? Jiwe anapelekewa Swami mwenyewe!"

"Kumbe!" alisema mama mkwe. "Basi tubebee na sisi, Guruswami."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakupita mlima wa Karimala hao! Alipanda akilia, akateremka akilia, na kila msafara uliowapita uliuliza, kwani kila mhujaji huitwa kwa jina la mungu wake, "Swami, hilo jiwe vipi?" Akajibu ni siri ya wakubwa. Usiku alililalia kwa hofu lisiibwe.

Siku ya tatu wakafika Saramkuthi, wanapochomeka mishale wageni. Kalyani Amma akachomoa miwili furushini mwake.

"Huu wangu. Huu wako."

"Mama! Mbele za watu?"

"Miaka kumi na saba nimekufulia hiyo shuka ukirudi," mama mkwe akamnong'oneza. "Hivi mlimani kuna kambale?"

Chellappan alitazama mshale, akatazama watu. Ukuu wote ulimtoka kwa jasho. Akalia, safari hii machozi ya kweli.

"Chomeka, mwanangu. Swami hamfukuzi wa mara ya kwanza."

Akachomeka.

"Na jiwe?" akauliza kwa sauti ya kifaranga.

"Jiwe hutupwa kule kileleni tulikopita jana," alisema kinyozi. "Karibu safarini, Swami." Ule u-Guru ulikuwa umeshaanguka njiani.

Ngazi kumi na nane za hekalu alizipanda kwelikweli, akatoka amevimba macho kwa furaha. Jiwe likarudi naye kwa basi. Liko mlangoni mpaka leo, Kalyani Amma analisugulia visigino.

Na mche? Ameupanda uani, anamwagilia kila asubuhi huku akihesabu. Zimebaki safari kumi na saba. Siku yake ikifika, ataubeba na madafu yake!