Bwana Mipango na Kabati la Shubiri Tisa

Enyi mlioketi nanyi mliosimama, tulieni, na mwenye sufuria jikoni apunguze moto, kwani haya si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Ni habari za Bwana Mipango, Simba wa Kochi, mshindi wa vita vingi asivyovipigana, na jinsi alivyobuni kabati la jikoni kwa mkono wake mwenyewe.

Chanzo cha vita kilikuwa sahani. Mama mkwe alimpa bintiye seti nzima siku ya harusi, nazo zikakaa ndani ya boksi uvunguni mwa kitanda miaka nenda miaka rudi, zikingoja kabati ambalo shujaa alikuwa bado analitafakari. Hatimaye mama mkwe akatuma salamu kwamba Jumamosi anakuja, na asipozikuta mahali pa heshima atarudi nazo kwake. Mke wa shujaa akalia, kwani alizipenda mno. Kilio kile kikamchoma Bwana Mipango, akainuka kochini, jambo ambalo majirani hawakumbuki kuliona.

Akaingia jikoni, akaukabili ukuta kama jemadari mbele ya ngome.

"Hapa, mke wangu, litasimama kabati la ghorofa mbili! Chini milango na droo, kwa yasiyofaa kuonekana. Juu rafu za wazi, ili sahani za mama zitazame watu na watu wazitazame. Na kimo chake ni shubiri tisa."

"Tepu ya kupimia si hiyo hapo?"

"Babu yangu hakujua tepu, na nyumba yake ilisimama."

Mkewe alikumbuka jinsi nyumba hiyo ilivyoanguka, akaona yaishe.

Basi shujaa akautambaza mkono wake ukutani, dole gumba kwa kidole cha mwisho, ulimi nje, kisha akampelekea seremala vipimo vyake vitukufu. Seremala, pande la mtu ambaye kiganja chake kinafunika sinia, aliuliza kama ni shubiri kweli. Akajibiwa kwamba shubiri ni shubiri. Naye akapima kwa zake.

Jumamosi kabati likaja, na mama mkwe akaja na mkoba mtupu. Sehemu ya juu ilipopandishwa juu ya ile ya chini, ikakaribia dari na kumeza nusu ya dirisha. Mke akanyoosha mkono hadi akasimama kwa vidole vya miguu, asiiguse hata rafu ya kwanza. Mama mkwe akaanza kufungua zipu ya mkoba.

Hapo ndipo damu ya mashujaa ilipochemka. Bwana Mipango akavuta stuli, akapanda, akazipandisha sahani moja baada ya moja hadi boksi likabaki tupu. Mama mkwe akainua uso, akazitazama.

"Haya, mkwe. Zimetoka kwenye boksi," akasema, akafunga zipu.

Mke akalia tena, safari hii kwa furaha, kisha akafuta macho na kuuliza kwa upole, "Na wakati wa kula, nani atazishusha?"

Wote wakamgeukia shujaa.

Andikeni basi, enyi wenye kalamu, ili vizazi vijue: siku ile sahani zilikombolewa, na aliyezikomboa hajaketi akatulia tena. Kila mlo huitwa, hupanda, hushusha, na kwa kuwa tayari amesimama, huziosha pia. Kochi limebaki mjane.