Ziara ya Waziri kwenye Ufukwe wa Wote

Idara ya Burudani Tulivu ilitangaza kwa fahari kubwa kwamba ufukwe wetu, ule unaosifiwa hadi ng'ambo, sasa ni mali ya wananchi wote. Kwa sababu hiyo ulizungushiwa mabati, wananchi wasije wakauharibu kabla hawajakabidhiwa.

Makabidhiano yangefanywa na Waziri mwenyewe, kwa kuoga baharini mbele ya kamera. Maandalizi akapewa Mkurugenzi wa Idara, mtu makini, yule yule aliyewahi kuongoza kikosi kazi cha kuhamisha kivuli cha kituo cha basi kutoka upande wa abiria kwenda upande wa ofisi. Wengine wamesahau. Sisi tuliosimama juani tunakumbuka.

Mkurugenzi alifanya kazi ya kufa mtu. Mchanga ulichekechwa. Mawimbi yalikaguliwa, yakaonekana yanakidhi vigezo. Waokoaji waliondolewa, maana kuwapo kwao kungeashiria kwamba bahari ya serikali ina hatari. Watumishi wa Idara walifundishwa kushangilia wakiwa ndani ya suti. Na agizo likapitishwa: geti lisifunguliwe wala lisifungwe ila kwa kauli ya Waziri mwenyewe.

Kikwazo kilichobaki ni Mama Mipira. Huyu alikuwa akikodisha mipira ya ndani ya matairi ya lori kwa waogeleaji, na wanawe wote walisomeshwa na mipira hiyo. Tangu mabati yasimame alikuwa amekaa nje ya geti, mipira imerundikana, mteja hana hata wa dawa.

"Hivi Mkurugenzi, ziara ikiisha mtafungua?"

"Mama, ufukwe uko wazi. Ila kwa sasa uwazi wake unalindwa."

"Nimekuuliza mtafungua au hamfungui?"

"Ziara ikifana, tutaudumisha utulivu huu."

"Kwa hiyo hamfungui." Mama Mipira akamgeukia mlinzi wa geti, mtoto wa kaka yake. "Na wewe umesimama tu kama mlingoti!"

"Shangazi, usinitie matatani. Mimi natii agizo."

Mkurugenzi akatabasamu. Ziara ikifana, yeye ni Katibu Mkuu, na mabati ni ya kudumu. Alishachagua hata rangi ya kuyapaka.

Siku ikawadia. Mheshimiwa alishuka garini na kaptura mpya yenye mkunjo wa pasi, akasema machache kuhusu usawa, akaingia majini kwa heshima zote. Akaenda. Akazidi kwenda. Mkondo ukamchukua bila kujali wadhifa wake.

Mara akainua mikono, akaipunga.

"Anatupungia!" alisema Mkurugenzi. "Mpungieni!"

Suti zote zikapunga. Waziri akapunga kwa nguvu zaidi, akapotea, akaibuka.

"Na mbizi anapiga! Makofi!"

"Anazama huyo!" Ilikuwa sauti ya Mama Mipira, jicho lake limebanwa kwenye upenyo wa mabati. "Watu wazima na ndevu zenu mnampigia makofi mtu anayezama? Nifungulieni nimpelekee mpira!"

Mkurugenzi akatazama kushoto, akatazama kulia. Katika Idara nzima ya Burudani hapakuwa na mtu anayejua kuogelea.

"Fungua geti!"

Mlinzi akakaza mgongo. "Samahani, mzee. Kauli ya Waziri mwenyewe."

"Waziri si yule pale!"

"Basi aulizwe."

Ikabidi aulizwe. Mkurugenzi akasogea hadi maji yakamlamba kiatu, akakinga mikono mdomoni. "Mheshimiwaaa! Tunaomba idhini ya kufungua geti!"

"Fungua!"

"Nusu au lote, Mheshimiwa?"

Alichojibiwa hakiandikiki, ila ndani yake neno "lote" lilisikika vizuri.

Geti likafunguliwa lote. Mama Mipira akapita mbio, mpira begani, kamba mkononi, na nyuma yake mtaa mzima: wauza karanga, mabibi na wajukuu, waokoaji walioondolewa. Mkurugenzi akapiga ukelele geti lifungwe.

"Kufunga nako, mzee," mlinzi akasema, "ni kauli ya Waziri."

Kule mbali, Mheshimiwa alikuwa ameukumbatia mpira kama mtoto aliyeachishwa ziwa jana. Mama Mipira, anayeogelea tangu utotoni, alikuwa ameshika kamba na anamvuta polepole. Sauti ikawafikia kutoka mchangani:

"Mheshimiwaaa! Tulifunge geti?"

Mama Mipira akaacha kuvuta. Hapo walipo, mguu ulikuwa bado haugusi chini.

"Unaulizwa, mwanangu," akasema kwa upole. "Wafunge, au waache wazi?"

Waziri akaitazama kamba. Akautazama ule mkono ulioishika.

"Wazi," akanong'ona.

"Pandisha sauti, baba. Wenzako huwa hawasikii."

"Wazi! Liachwe wazi! Siku zote!" Waziri akatangaza sera yake kwa sauti iliyofika hadi barabarani, na kamba ikaanza tena kuvutwa.